Jembe, Nyumba na Kalamu ya Mwalimu

Katika uchaguzi wa 1965, wa kwanza Tanganyika chini ya chama kimoja, mpiga kura alipewa majina mawili, yote ya wagombea wa chama cha TANU: mmoja alama yake jembe, mwingine nyumba. Majina hayo yalikuwa yamepita kwanza kwenye chujio la Halmashauri Kuu ya Taifa. Hata hivyo vigogo walianguka. Waziri wa Fedha, Paul Bomani, alikosa ubunge. Rais, Mwalimu Nyerere, akamteua kuwa mbunge na kumrudisha kwenye baraza la mawaziri.

Kalamu hiyo ya uteuzi ilifika mbali. Mkuu wa mkoa aliteuliwa na Rais, na papo hapo alikuwa katibu wa chama wa mkoa na mbunge. Mtu mmoja, kofia tatu! Nani angemkosoa?

Azimio la Arusha la 1967 lilijaribu kumfunga kiongozi mwenyewe: asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Kuondoka madarakani nako hakukuwa kuzikwa. Mwanzoni mwa 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kutokana na vifo vya mahabusu mikononi mwa vyombo vya dola Mwanza na Shinyanga. Akapelekwa Misri kuwa balozi. Mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar. 1985, wa Muungano. Ni chini ya uenyekiti wake ndipo CCM, chama kilichorithi TANU, mwaka 1991 ilipokutana Zanzibar na kulegeza masharti yale ya uongozi ya Azimio la Arusha.