Habari za Haragwe la Maua Mekundu

Wasomaji wetu, mtu aonapo maharagwe chunguni ni nadra kufikiri kwamba nayo yana historia. Twajifunza habari za wafalme na vita vyao, lakini mbegu iliyomo kibuyuni twaipita kama kitu kisicho na asili. Basi leo twataka kuwaeleza habari za haragwe moja, lile kubwa la maua mekundu litambaalo juu ya miti. Tutaona lilikotoka, jinsi lilivyopokewa ugenini, na jinsi watu walivyojifunza, pengine kwa hasara, kuchagua mbegu zake.

Kwao ni milima ya Meksiko na Guatemala. Wenyeji wa huko walilipanda tangu zamani sana, kabla Wahispania hawajafika na majeshi yao mwaka 1519. Waazteki waliliita ayocotl, na hata leo watu wa Meksiko huliita ayocote. Katika milima hiyo yenye ubaridi wa kiasi, mzizi wake hunenepa ardhini mfano wa kiazi, na shina likifa juu, mzizi huchipua tena mwaka wa pili. Tena liko jambo moja la kulitambulisha: haragwe la kawaida likiota huinua nusu mbili za mbegu yake juu ya udongo, bali hili huziacha chini, likatoa majani tu.

Kutoka huko lilivuka bahari hata likafika Ulaya. Kitabu cha mimea kilichochapwa London mwaka 1633 kililitaja, kikasema kwamba aliyelipata ni Tradescant, mtunza bustani mashuhuri. Lakini Waingereza wa siku zile hawakulipenda kwa ajili ya chungu. Walipenda maua yake, wakalipandisha juu ya vibanda vya bustani ili kupamba na kupata kivuli. Ilikuwa katika karne ya 18 ndipo Philip Miller, aliyekuwa msimamizi wa bustani ya dawa ya Chelsea, alipolisifu kuwa chakula chema. Naye ndiye atajwaye sana kwa kulifikisha jikoni. Tazameni jambo hili! Chakula kilikuwa kikining'inia mbele ya macho yao siku zote, nao wakitazama ua.

Tangu hapo likawa mboga ya bustani za nyumbani kwa maskini na tajiri. Waingereza huchuma maganda yangali mabichi na laini, huyakata vipande vyembamba, huyachemsha na kuyala. Kwa kuwa baridi kali ya kwao huua mmea huu, hupanda mbegu upya kila mwaka, wakisimamisha miti mirefu kupita kimo cha mtu. Wakati wa vita vya mwaka 1939 hata 1945, serikali yao ilipowahimiza watu walime mboga kila penye nafasi, haragwe hili lilikuwa miongoni mwa mboga zilizowafaa, maana hupanda juu wala halitaki uwanja mpana.

Watu walipozidi kulipenda, walichagua aina kwa aina. Iko Painted Lady, aina ya zamani, ambayo ua lake lina rangi mbili, nyekundu na nyeupe. Iko Scarlet Emperor, ya maua mekundu sana na maganda marefu. Iko Czar, yenye maua meupe na mbegu nyeupe kubwa, ambazo hukaushwa zikaliwa baadaye. Siku hizi ziko na aina zisizo na nyuzi katika maganda, na nyingine fupi zisizohitaji miti. Kwa hiyo mwenye bustani hujiuliza kwanza: Nataka maganda mabichi, au mbegu kavu za akiba? Ninayo miti ya kutosha? Aina iliyo njema kwa jirani huenda isiwe njema kwake.

Hapo ndipo penye fumbo ambalo wengi hawalijui. Haragwe la kawaida hujitungia mbegu lenyewe ndani ya ua, lakini haragwe hili humtegemea nyuki. Mtaalamu Charles Darwin aliifunika baadhi ya mimea yake kwa wavu ili nyuki wasifike, akaona kwamba ilizaa maganda machache mno kuliko ile iliyoachwa wazi. Akaziandika habari hizo katika kitabu chake cha mwaka 1876. Basi nyuki atokapo ua jekundu akaingia ua jeupe, huchanganya aina mbili bila mwenye shamba kujua.

Sisi wenyewe tulifunzwa jambo hili kwa hasara. Tulipanda mbegu nyeupe kando ya zile za madoa, hatua chache tu kati yake. Tulipovuna, mbegu nyeupe zilikuwa nyeupe vilevile, tukashukuru, tukaziweka. Mwaka wa pili mashina mengine yakatoa maua mekundu, na maganda yake yakawa na mbegu za madoa! Kwa maana ngozi ya mbegu hufuata mama yake. Mchanganyiko umejificha ndani, nao hauonekani hata kizazi kifuatacho. Hivyo tulipoteza mbegu safi tuliyopewa na mzee mmoja, wala hakuwa na nyingine ya kutupa.

Kupotea kwa mbegu si hasara ya mtu mmoja tu. Katika miaka ya 1970, sheria za mbegu za Uingereza na nchi jirani zake ziliagiza kwamba aina isiyoandikwa katika orodha ya serikali isiuzwe. Kuandikisha kulihitaji fedha, na aina nyingi za kale hazikuwa na wa kuzilipia. Zingalikufa zote, kama si watu wa bustani ndogo waliozipanda nyumbani na kupeana mkono kwa mkono.

Kwetu Afrika ya Mashariki haragwe hili hupandwa katika nyanda za juu za Kenya, na maganda yake hupelekwa kuuzwa Ulaya. Lakini aina nyingine za Ulaya zimezoea mchana mrefu wa kiangazi cha huko, nazo hukawia kutoa maua penye mchana wa saa kumi na mbili. Kwa hiyo wako wakulima wanaoziwashia taa usiku.

Basi, ndugu, shikeni mambo matatu. Kwanza, mbegu zake kavu zisiliwe kabla ya kulowekwa na kuchemshwa sana, maana zikiwa mbichi zina sumu. Pili, atakaye mbegu safi apande aina moja tu, tena mbali na bustani yenye nyingine. Tatu, msile maganda yote mazuri mkabakiza dhaifu kwa mbegu, kama ilivyo desturi ya wengi. Chagueni shina lenye nguvu na kuzaa sana, lifungeni kitambaa, na maganda yake ya kwanza yaacheni yakauke palepale. Wazee walisema, akiba haiozi. Na mbegu ni akiba ya watoto ambao hawajazaliwa bado.