Saratani ya utumbo mpana: nani hulazwa, na gharama hutoka wapi?

Msikilizaji, saratani ya utumbo mpana huanzia sehemu ya mwisho ya utumbo, pale choo kinapokauka kabla ya kutoka. Mwaka 2022, saratani hii pamoja na ile ya puru iliwapata watu zaidi ya milioni 1.9 duniani, na zaidi ya 900,000 walifariki. Kwa familia ya kijijini, kinachopandisha gharama zaidi ni kuchelewa.

Nani hulazwa?

Hatari huongezeka kuanzia miaka 50, wanaume kwa wanawake. Lakini hospitali za rufaa nchini Tanzania hupokea pia watu wa miaka ya 30 na 40. Aliye na mzazi au ndugu wa damu aliyeugua yuko kwenye hatari zaidi. Sigara, pombe na unene uliozidi huchangia.

Wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Damu kwenye choo hudhaniwa ni bawasiri au minyoo, basi mtu hutumia dawa za dukani au mitishamba kwa miezi.

Gharama hutoka wapi?

Anayewahi hupangiwa siku ya upasuaji, na wengine hupona kwa upasuaji peke yake. Anayechelewa huletwa tumbo limejaa, anatapika, choo hakitoki: utumbo umeziba. Hufanyiwa upasuaji wa dharura, na huenda akatolewa choo kupitia tundu tumboni. Mifuko ya kukinga choo hicho hununuliwa tena na tena. Huenda akafuata upasuaji wa pili, kisha dawa za saratani za dripu kwa miezi kadhaa.

Kuna pia gharama zisizoandikwa kwenye bili. Vituo vya mionzi ni vichache, kama Ocean Road jijini Dar es Salaam na Bugando jijini Mwanza. Mgonjwa wa Rukwa husafiri na ndugu wa kumuuguza. Hapo kuna nauli, chumba na chakula, na shamba limebaki bila watu. Ndipo ng'ombe na viwanja huuzwa.

Ufanye nini?

Ukiona damu kwenye choo, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, kukonda au kuishiwa damu bila sababu, nenda zahanati au kituo cha afya. Usione haya kueleza. Omba barua ya rufaa. Bila hiyo, bima inaweza kukataa kulipa. Hospitali kubwa huangalia utumbo kwa kamera. Vinyama vinavyoweza kugeuka saratani huchukua miaka mingi, mara nyingi karibu 10, na vikionekana huondolewa mapema.

Jiunge na bima ungali mzima, na uliza kama inalipia upasuaji na dawa za saratani. Ukikwama kulipa, muone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujauza shamba.