Mtawa Aliyedai Kuiona Roma ya Kale
Mei 1972, jarida la Italia La Domenica del Corriere lilitoa habari za Pellegrino Ernetti, mtawa Mbenediktini wa Venice na mtaalamu wa muziki wa kale. Alidai ameunda na wenzake mtambo unaoonyesha yaliyopita kama runinga. Miongoni mwa hao wenzake alimtaja mwanafizikia Enrico Fermi, ambaye, kwa bahati nzuri kwa msimuliaji, alikwishafariki 1954.

Eti Ernetti alitazama hata tamthilia ya mshairi Mroma Ennius, Thyestes, ikichezwa Roma mwaka 169 KK!

Ushahidi wake ulikuwa picha ya uso wa Yesu msalabani: macho yameelekezwa juu, mdomo wazi kidogo. Baadaye ikabainika inafanana mno na kadi ya posta ya sanamu ya Mhispania Lorenzo Coullaut Valera iliyoko Collevalenza, Italia. Ilikuwa imegeuzwa tu, kulia kuwa kushoto. Ernetti alifariki 1994. Mtambo wenyewe haukuwahi kuonyeshwa hadharani.