Mita ya hatua ngapi?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi akifika Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, na kusema "naomba mita," muuzaji ana haki ya kumuuliza mita gani. Kitambaa hupimwa kwa mita. LUKU ya umeme ni mita, na ile ya maji iliyo getini ni mita. Kwa fundi wa redio, mita ni kidude chenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, kinachopima volti, ampea na omu kwa zamu. Wazee wa kazi huiita avometa, jina la kifaa kilichoanza kuuzwa mwaka 1923, alichobuni mhandisi wa Posta ya Uingereza, Donald Macadie, ili asibebe vyombo vingi. Herufi zake za mwanzo zinasimamia ampea, volti na omu, na kwa bahati njema zinakubali hata kwa Kiswahili.

Testa ni jambo jingine kabisa. Ni bisibisi yenye kitaa kwenye mpini: unagusa waya, kitaa kikiwaka, waya una moto. Moto kiasi gani, haisemi. Nimesikia wanafunzi wakiitumia kama mita, na hapo ndipo ninapowasihi waanze na swali lao wenyewe: unataka kujua kama umeme upo, au upo kiasi gani?

Lakini majina ya vifaa hayanisumbui sana. Osiloskopu, ile inayochora wimbi la umeme, ikiitwa osiloskopu, hakuna aliyeibiwa. Mnunuzi anaibiwa kwenye maneno ya sifa, na neno linaloongoza ni "usahihi".

"Hii ni sahihi kabisa, mdogo wangu, we angalia namba zilivyo nyingi." Sentensi hiyo inasikika kila siku kaunta, nayo si lazima iwe ya utapeli, mara nyingi muuzaji anaamini anachosema. Tufanye hesabu. Chukua mita ya njano ya bei rahisi, ile DT830. Kioo chake kinaishia 1999. Ukiiweka kwenye volti 20, inapanda na kushuka kwa hatua za volti 0.01. Karatasi yake huahidi kitu kama hiki: kosa lisizidi asilimia 0.5 ya kinachosomwa, jumlisha tarakimu mbili za mwisho. Pima volti 5 za chaja ya simu. Asilimia 0.5 ni 0.025, tarakimu mbili ni 0.02, jumla 0.045. Kwa hiyo kioo kikiandika 5.00, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 4.955 na 5.045.

Sasa muuzaji anatoa nyingine, yenye kioo kinachofika 5999, inayoandika 5.000. Karatasi yake nayo inasema asilimia 0.5. Ile sifuri ya tatu inakuonyesha volti ikicheza kidogo, na hiyo ni faida. Lakini haijakusogeza karibu na ukweli mara kumi, kama hatua yake inavyodokeza: kosa la tarakimu za mwisho limepungua, ila ile 0.025 iko palepale.

Hapo kuna mambo matatu, na sisi tumeyafunga kwenye fungu moja. Kuna ukaribu wa jibu na ukweli. Hilo ndilo usahihi, libaki na neno hilo. Kuna tabia ya kifaa kurudia jibu lilelile leo na kesho, hata kama jibu lenyewe limekosea. Hilo ningeliita uthabiti. Na kuna udogo wa hatua ambayo kioo kinaweza kuonyesha. Wengine hutumia "mwonekano" kwa hilo la tatu, neno la runinga na kamera, lakini mtu akiambiwa mita ina mwonekano mzuri atadhani namba zake zinasomeka kwenye giza. Mimi napendekeza hatua: mita ya hatua 2,000, mita ya hatua 6,000. Mwanafunzi akiuliza "ni ya hatua ngapi, na usahihi wake asilimia ngapi?" ameuliza maswali mawili, na muuzaji hawezi kuyajibu kwa sifa moja.

Soko la nafaka lilikuwa makini kuliko sisi. Kibaba cha mfuto ni kile kilichosawazishwa mdomoni, kibaba cha tele ni kile kilichorundikwa, na kila mtu alijua vibaba vinne ni pishi. Ila kabla ya kuhesabu pishi ulitaka kujua ni za mfuto au za tele.

Neno zuri ambalo tayari tunalo, na halitumiki vya kutosha, ni ugezi. Shirika la Viwango Tanzania hulitumia kwa kazi ya kulinganisha vifaa vya kupimia na vigezo vinavyoaminika. Mzizi wake ni geza, ndiko kigezo kilikotoka, kwa hiyo neno linajieleza lenyewe: kifaa kinawekwa kando ya kigezo, na tofauti inaandikwa. Mwanafunzi hana fedha ya kupeleka mita yake maabara kila mwaka. Anaweza, hata hivyo, kununua kijibodi chenye chipu ya kigezo cha volti, kama AD584, inayotoa volti 10, 7.5, 5 na 2.5, akaona mita yake imeelemea upande gani. Huo si ugezi wa cheti, lakini ni mwanzo.

Kwa osiloskopu, namba inayotangazwa ni masafa: megahezi 50, megahezi 100. Watu hudhani kwamba chini ya 50 kila kitu kinaonekana sawasawa, na juu yake hakuna kitu. Kumbe kwenye megahezi 50 zenyewe, wimbi la volti 1 unaliona kama volti 0.7 hivi. Wimbi la mraba linapoteza kona zake mapema zaidi, ndiyo maana wazoefu hutaka kifaa chenye masafa mara tano ya kile wanachokipima.

Kuna neno moja kwenye osiloskopu ambalo linaweza kuunguza. Fundi anamwambia kijana: "Bana kwenye gaundi." Kibanio cha kile kijiti cha kupimia kimeunganishwa na chuma cha osiloskopu, na chuma kimeunganishwa na pini ya eathi ya plagi, hadi kwenye fimbo iliyozikwa ardhini. Kijana amefungua pawa saplai ya runinga. Upande ulio kabla ya transfoma una gaundi yake pia, ila hiyo imefungamana na nyaya za ukutani kupitia dayodi. Akibana hapo, anaunganisha umeme wa ukutani na ardhi kupitia kifaa cha watu. Cheche, fyuzi, pengine osiloskopu nzima. Neno gaundi lilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa na maana yake. Eathi ibaki jina la ile fimbo. Pa saketi pasemwe sifuri ya saketi. Mafundi hawatatupa neno gaundi kwa sababu ya makala, na si lazima. Ila karakana yenye maneno mawili itakumbuka kuweka kwanza transfoma ya kutenganisha runinga na umeme wa ukutani.

Hata hivyo, mwaka wa kwanza osiloskopu isubiri. Chuo huwa nazo. Fedha iende kwenye mita moja nzuri. Ukiwa na mita mkononi, geuza mgongo wake kabla ya kulipa. Fyuzi ya kioo na fyuzi ya kauri iliyojazwa mchanga hazikatiki kwa namna moja: ile ya kioo, ikikutana na mkondo mkubwa wa umeme wa nyumbani, inaweza kupasuka na cheche ikaendelea kupita. Na juu ya tundu la ampea 10 la ile mita ya njano pameandikwa neno moja la Kiingereza, kwa herufi ndogo, kwamba njia hiyo haina fyuzi kabisa. Muulize muuzaji kwa Kiswahili: "Tundu hili lina fyuzi?" Asipojua, aazime bisibisi afungue mfuniko mkiwa wote kaunta.