Mkesha wa Uhuru kwa njia ya Kibuta

Tarehe 8 Desemba 1961 ilikuwa siku ya Ijumaa. Mzaramo wa Kibuta, wilayani Kisarawe, aliyetaka kuiona bendera mpya ikipanda usiku ule Dar es Salaam alikuwa na mawili ya kuchagua: aondoke alfajiri, Ijumaa akaiswali njiani, au aswali kwao kisha aikimbilie jioni kwa lori. Nimeifuata njia ile kwa miguu, kwa sababu vitabu vyetu vya historia huanza kusimulia saa sita ya usiku, pale uwanjani, na watu waliojaa uwanja ule huwakuta wamekwisha kufika.

Kutoka Kibuta hadi Kisarawe mjini ni mikorosho, mihogo na mchanga unaomeza unyayo. Vuli ya mwaka ule ilikuwa nzito kupita kawaida kote Afrika Mashariki, tena imefuata ukame na njaa. Kwa hiyo waliokwenda walikanyaga tope, na nyuma yao waliacha mashamba ambayo hatimaye yalikuwa yamepata maji. Mkulima kuacha jembe katika majira kama hayo si jambo jepesi.

Wazee walikuwa na sababu zao za kwenda. Wajerumani walianzisha mashamba ya pamba ya lazima katika wilaya ya Dar es Salaam mwaka 1902. Mwaka 1905 Vita vya Maji Maji vilipofika Uzaramo, watu wa huku waliinuka, na Jumbe Kibasila wa Kisangire akanyongwa. Mtoto wa miaka kumi wa wakati ule alikuwa na miaka 66 uhuru ulipokuja. Huyo ndiye ninayemfikiria kila ninapopanda kilima: amewaona Wajerumani wakiondoka, Waingereza wakishika mahali pao, na sasa anaambiwa kwamba leo usiku nao wanakwenda.

Baada ya Kisarawe unaingia misitu ya Pugu. Hapa njia inakuwa ya Nyerere mwenyewe. Alifundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, na akawa anashuka mjini kwa shughuli za chama cha TANU, mara nyingi kwa miguu, hadi mwaka 1955 alipoacha ualimu. Watu wa Kisarawe hawakuhitaji kusimuliwa umbali ule. Ndio walioutembea miaka yote wakipeleka mjini mkaa na mihogo. Waziri Mkuu Nyerere aliyewangoja uwanjani alikuwa ameonja vumbi lao.

Kuanzia Gongo la Mboto leo ni magari tupu. Barabara ya Pugu sasa inaitwa Barabara ya Nyerere, na inapita mbele ya uwanja wa ndege. Mwaka ule pia ilipita hapo, hivyo wageni wa serikali walioshuka kwenye ndege na wanavijiji waliotoka Uzaramo waliingia mjini kwa barabara moja. Mdundiko, ngoma ya Wazaramo, huchezwa watu wakitembea. Naamini hakuna siku iliyoistahili ngoma hiyo kuliko ile.

Kwa walioingia Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uwanja wa Uhuru, taa zilizimwa ilipokaribia saa sita usiku. Bendera ya Uingereza ikashushwa gizani, Prince Philip akiwepo kwa niaba ya Malkia. Taa zilipowaka, ya kijani, dhahabu na nyeusi ilikuwa juu. Usiku huohuo Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru hadi kilele cha Kilimanjaro.

Asubuhi, Jumamosi, watu wa Kisarawe walirudi kwenye palizi. Wiki sita baadaye, tarehe 22 Januari 1962, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, na yeye mwenyewe akatoka mjini kwenda kukijenga chama vijijini.