Dip Tishu: Uchuaji wa Misuli ya Ndani

Siku ya kwanza ya mafunzo ya masaji, Malindi, nilikaa na msichana aliyetoka Ganze. Mwalimu alipotutangazia kwamba wiki ya tatu tungeanza dip, mwenzangu alininong'oneza: dip ya nini? Kwao dip ni josho, pale ng'ombe wanapoogeshwa dawa ya kupe. Nikamwambia ni dip tishu. Akafikiri kidogo, akauliza tena: tishu hizi za dukani?

Hakuwa mjinga. Maneno yote mawili aliyajua tangu utotoni, na kila moja lilikuwa na maana yake kamili. Sisi ndio tuliompa jina lisilomweleza chochote kuhusu kazi aliyokuja kujifunza. Nimeifanya kazi hii miaka kadhaa sasa, kati ya Malindi, Watamu na Kilifi, na bado naona wanafunzi wakiianza kwa jina hilohilo, wakilitamka vizuri na kulielewa vibaya. Kosa la jina huishia mwilini mwa mteja. Ndiyo maana naandika.

Vibao vya masaji huku kwetu huandikwa Kiingereza, na mara nyingi Kiitaliano. Hilo lina historia. Waitaliano walianza kuizoea Malindi katika miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha anga karibu na Ngomeni; setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa lililosimamishwa baharini tarehe 26 Aprili 1967. Baada ya wahandisi wakaja watalii, na baada ya watalii zikaja hoteli na vyumba vya masaji. Mteja alikuwa mgeni, basi jina likawa la mgeni. Lakini mikono ni ya watu wa hapa, na siku hizi hata mgongo ni wa mtu wa hapa: dereva wa bodaboda, mwalimu anayesahihisha madaftari usiku, mgema anayepanda minazi alfajiri na jioni.

Hata neno masaji lenyewe lina safari ndefu. Kiingereza kimelitoa katika Kifaransa, na nyuma ya Kifaransa wataalamu wa asili ya maneno wanagawanyika. Wako wanaolifikisha kwenye Kiarabu, kitenzi massa, yaani kugusa. Wengine wanalifikisha kwenye Kireno, amassar, yaani kukanda unga. Lugha hizo mbili zote zimetia nanga katika bandari hii, na zote zimetuachia maneno. Kwa hiyo sina ugomvi na masaji. Limekwisha kuwa letu, na mtoto wa Maweni analielewa. Ugomvi wangu ni na dip.

Dip, katika jina hili, ni deep ya Kiingereza, na inataja mahali: ndani. Wengi wanalisikia kama nguvu.

Anayechuna mbuzi ameuona ule utando mweupe, mwembamba lakini mgumu, unaong'ang'ania nyama. Mwanadamu anao vilevile, na katika anatomia unaitwa fashia. Hufunika kila msuli, huingia kati ya msuli na msuli, na huunganisha mwili toka kisogo hadi nyayo. Mgongoni, chini ya ngozi, mafuta na utando huo, mkono hukutana kwanza na trapeziasi, msuli mpana unaoanzia kisogoni, ukatandaa mabegani na kushuka hadi katikati ya mgongo. Chini yake zimo romboidi, zinazovuta bapa la bega kuelekea uti wa mgongo. Chini zaidi ipo misuli mirefu inayoandamana na uti huo pande zote mbili, ile inayotusimamisha wima, na chini yake tena vimo vimisuli vidogo vinavyoshikanisha pingili. Dip tishu ni kazi ya kuyafikia matabaka hayo ya chini kwa kupita yale ya juu. Na tabaka la juu halipitiki kwa kulazimishwa. Likiumizwa hujikaza, na likijikaza mkono unabaki mlangoni.

Hilo nililijua kwa kumuumiza mtu. Mgema mmoja alikuja na maumivu katikati ya mabega, akaniambia, "Dada, usinihurumie, minya kabisa." Nikaweka kiwiko nikaegemea kwa uzito wangu wote. Alivumilia kimya, ngumi amekunja. Kesho yake alikuwa na alama za damu kuvilia ngozini, na siku mbili hakupanda mnazi. Siku mbili bila kupanda, kwa mgema, ni siku mbili bila kipato. Mwalimu wetu hakunifokea. Aliniambia: "Mwanangu, ulimkandamiza, hukumchua. Ngumi zake zilikuwa zinakwambia hujaingia." Maneno yale yamenifaa kuliko daftari zima, kwa sababu yalitenganisha vitenzi viwili ambavyo mimi nilikuwa nimevichanganya.

Kiswahili kina utajiri wa vitenzi vya mkono, na fundi wa kazi hii angeanza hapo. Kupapasa ni kupitisha kiganja kwa wepesi. Kutomasa ni kubonyezabonyeza kwa vidole ili kujua hali, kama mtu anavyotomasa embe kuona kama limeiva. Kusinga ni kupaka na kusugua mwili kwa singo, na kila bibi harusi wa pwani anajua. Kukanda ni kubana na kuachia, kama unga; tena ni kuweka kitambaa cha maji moto, ndivyo mzazi anavyokandwa katika siku zake arobaini. Kuchua ni kusugua kwa mkazo ili kitu kiingie ndani, dawa au mafuta au joto la mkono wenyewe. Kumbuka pia kuminya, kufinya na kunyoosha.

Sasa linganisha na Ulaya. Johan Georg Mezger, daktari wa Amsterdam katika karne ya 19, ndiye anayetajwa kuyapanga mapigo ya masaji chini ya majina ya Kifaransa yanayofundishwa hadi leo, ingawa sifa mara nyingi hupewa Per Henrik Ling wa Sweden. Mojawapo ya majina hayo ni pétrissage. Wanafunzi wetu hulikariri kwa jasho, na maana yake ni kukanda, kwa kitenzi kilekile ambacho Mfaransa hukitumia kwa unga wa mkate. Mezger alichukua neno la jikoni akalipa kazi hospitalini. Sisi tunalo neno hilohilo, limetoka jiko hilohilo, lakini tunaona haya kuliingiza darasani.

Dip tishu, kwa sehemu kubwa, si kukanda. Kukanda huinua msuli na kuubana. Kazi hii hushuka na kusogea. Mafuta huwa kidogo, kwa kuwa mkono ukiteleza hauwezi kushika tabaka. Kwanza mahali hupashwa moto kwa kiganja kipana, bila haraka. Kisha fundi hutomasa akitafuta penye ukano mgumu au fundo. Akilipata, huegemea kwa vifundo vya vidole, ngumi, kigasha au kiwiko, kwa mshazari na si wima, akitumia uzito wa mwili kutoka miguuni. Kidole gumba huhifadhiwa. Wengi wameiacha kazi hii mapema kwa sababu ya viungo vya gumba vilivyochakaa. Halafu husubiri. Mteja akitoa pumzi, tabaka la juu hulegea kidogo, mkono unashuka kidogo. Hapo ndipo mwendo unaanza, kwa kuufuata msuli au kuukata kwa upande, polepole kiasi kwamba mtu anayetazama anaweza kudhani hakuna linalofanyika. James Cyriax wa Hospitali ya St Thomas', London, aliusambaza mtindo wa kuchua kano kwa kuikata upande, kidole na ngozi vikisogea pamoja. Mikono ya pwani inalo neno la kitendo hicho: kuchua.

Maumivu yawepo, lakini yawe yale ambayo mtu anaweza kupumua nayo. Mteja apewe kipimo cha 1 hadi 10 na aambiwe aseme akifika 7. Akishikilia pumzi, akikunja vidole vya miguu, fundi arudi juu. Baada ya hapo mwili unaweza kuuma siku moja au mbili. Na hapa nawasihi wenzangu waache kumwambia mteja kwamba maumivu hayo ni sumu inayotoka, anywe maji mengi aisukume. Masaji haitoi sumu. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Wala hatukamui asidi ya lakti kutoka kwa mkimbiaji, maana mwili wenyewe huiondoa ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi. Mapitio ya utafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2015 yalikusanya majaribio 25 kuhusu masaji na maumivu ya kiuno, yakaona nafuu ya muda mfupi, tena kwa ushahidi dhaifu. Nafuu ya muda mfupi ni kitu halali cha kuuza. Tusiuze zaidi ya hicho.

Lakini neno lenye hatari kuliko dip ni letu wenyewe: mshipa. Mteja wa Kilifi akisema mshipa umekaza, anaweza kuwa anazungumzia msuli, kano, neva, ateri au vena. Lugha ya nyumbani haivitenganishi, na si lazima ivitenganishe. Fundi ni lazima. Kalioni, chini ya msuli mkubwa wa tako, kuna msuli mdogo uitwao pirifomisi, na neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, hupita hapo. Kiwiko kikitua juu ya neva, mteja atahisi umeme ukishuka mguuni, na huo si mshipa unaofunguka. Mbele ya shingo, kwapani na nyuma ya goti hapaguswi kwa nguvu, maana hapo ateri na neva ziko karibu na ngozi.

Tena kuna hili linalotuhusu sisi wa Malindi na Watamu kwa namna ya pekee. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege baada ya saa nane za kukaa anafika hotelini, anaomba dip tishu miguuni kwa sababu shavu la mguu limevimba, lina joto na linauma upande mmoja. Huenda ni uchovu. Huenda pia ni damu iliyoganda katika vena ya ndani, na ukiichua, donge laweza kung'oka likapanda hadi mapafuni na kuua. Mguu huo hauchuliwi. Mgeni anapelekwa hospitali siku hiyohiyo, hata kama ameshalipa. Vilevile anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu na mwenye mimba hawachuliwi kwa namna hii bila daktari kuulizwa. Kenya ina Sheria ya Wataalamu wa Fiziotherapia tangu mwaka 2014. Kutambua ugonjwa na kuutibu ni kazi yao, na cheti cha masaji hakitupi cheo hicho.

Basi tuite nini? Tafsiri ya neno kwa neno ni masaji ya tishu za ndani. Tishu ni istilahi halali ya biolojia, na wanafunzi wa shule wanaisoma. Lakini sokoni ni karatasi, na maneno "za ndani" yakisimama karibu na masaji huleta dhana ya faragha. Wanawake wanaofanya kazi hii ufuoni wamechoka kuelezana na wanaume waliokuja na dhana hiyo. Jina lisiwaongezee mzigo. Masaji ya kina nayo inasikika kama uchambuzi wa kina, yaani iliyofanywa kwa ukamilifu, na masaji yoyote inapaswa kuwa hivyo. Masaji nzito inarudisha lile kosa langu la kiwiko.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye kurasa za michezo. Waandishi wa soka wa Tanzania, wakiorodhesha benchi la ufundi la Simba au Yanga, humtaja kocha mkuu, kocha wa makipa, daktari, na mchua misuli. Hakuna msomaji anayekwama hapo. Neno limeshapimwa na watu wengi kuliko kamati yoyote ya istilahi ingeweza kukusanya. Tukiliongezea mahali, tunapata uchuaji wa misuli ya ndani. Kitenzi kinasema mkono unafanya nini, "misuli" inaondoa shaka ya faragha, na "ya ndani" inasema unakwenda wapi bila kusema unatumia nguvu kiasi gani. Najua fashia si msuli, na mwanaanatomia atalalamika. Lakini utando huo umeufunga msuli pande zote, na hakuna anayeugusa mmoja bila mwingine.

Nawaomba walimu wa vyuo vyetu, kuanzia Mtwapa hadi Malindi, waliandike jina hilo ubaoni siku ya kwanza, juu ya lile la Kiingereza, na wachora vibao waliweke hata kwa herufi ndogo chini ya Kiitaliano. Aliyetoka Ganze sasa ana chumba chake cha kazi, na mlangoni ameandika kwa mkono: Uchuaji wa Misuli. Wateja wake wengi ni wagema na madereva.