Wa Kwanza, wa Pili na wa Mwisho

Miaka yote niliyofundisha Kiingereza, mwanzoni katika shule ya msingi na baadaye katika chuo cha ualimu, swali moja halikukosa kunirudia. Mwanafunzi akishajua kwamba four huzaa fourth, na six huzaa sixth, huuliza: mbona one haizai oneth, wala two haizai twoth? Kwa muda mrefu nilitoa jibu la mwalimu aliyechoka: "Ndivyo Waingereza wasemavyo. Andika."

Jibu lenyewe si gumu. First halikutokana na hesabu hata kidogo. Lina undugu na fore, yaani mbele, na maana yake ya asili ni aliye mbele kuliko wote. Last nalo ni mtoto wa late: aliyechelewa kuliko wote. Second ni mgeni. Waingereza wa kale walisema other, na mabaki yake yamo katika every other day, yaani siku moja ndiyo, nyingine siyo. Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala ikulu na mahakamani, na polepole second likaingia, asili yake kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kufuata. Wa pili, basi, ni mfuasi. Hesabu inaanza kazi kwenye third.

Na sisi je? Kwanza ni kuanza katika umbo lake la zamani, kama tusemavyo kwenda na kwisha. Mwisho limetoka katika kuisha. Pili angalau ni ndugu wa mbili. Kuanzia tatu hatubadili kitu: vitabu vitatu, kitabu cha tatu. Tena Kiswahili ni kibahili kupita Kiingereza. Mwingereza akifika ishirini na moja humrudisha first wake, twenty-first. Sisi husema wa ishirini na moja, basi. Kwanza haliji mara ya pili. (Twenty-oneth nimezisahihisha nyingi mno, hata za walimu watarajiwa.)

Haya yote nisingeyaandika kama si kosa langu mwenyewe. Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja karibu na Tunduma, enzi hizo tukiwa bado Mbozi, mkoa wa Mbeya. Songwe imekuwa mkoa mwaka 2016. Siku ya kufunga shule nilisoma matokeo mbele ya wazazi, darasa kwa darasa. Watatu wa mwanzo walipigiwa makofi. Waliofuata walipita kama namba tu. Nilipofika kwa mvulana mmoja wa darasa la tano sikusema wa arobaini na sita. Nilisema, tena kwa kuvuta sauti, "Na wa mwisho..." Uwanja mzima ukacheka. Nami nilicheka. Januari shule ilipofunguliwa hakurudi.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022 bila orodha ya shule na wanafunzi kumi bora, wastaafu wenzangu walilalamika kwamba ushindani umeuawa. Sikuungana nao, wala sikuwaeleza sababu.

Muda si mrefu baada ya hapo nilikuwa Tunduma, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde. Mtu mzima mwenye mvi alinisogelea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ni yule wa mwisho."

Alisema bila chuki, kama mtu anayetaja kijiji chake. Tulikunywa chai. Ana watoto wanne, na wa kwanza wake ni mwalimu. Nafasi yake niliikumbuka vizuri, 46 kati ya 46. Jina ilibidi anitajie yeye.